Kamati ya Wale Wale

Tuvalu, nchi ya visiwa kule Pasifiki yenye watu kama 11,000, ina wabunge 16 tu: majimbo manane, wawili wawili. Vyama vya siasa hakuna. Haya, piga hesabu. Nusu hivi wanachukuliwa uwaziri, mmoja anapanda kiti cha Spika, na waliobaki hawajazi hata kipanya. Hao hao ndio wagawane kamati. Mheshimiwa akiaga kamati moja, anavuka korido na kujikuta anasalimiana na wenzake wale wale aliowaaga. Mmoja akienda msalani, akidi nayo imekwenda.

Halafu njoo kwenye kumkaba waziri kuhusu matumizi. Utamkabaje shemeji yako? Na jioni mtakutana naye hapo hapo mji mkuu, Funafuti, kwenye njia ya kurukia ndege, maana ndege ni za nadra na lami ile watu huifanya kiwanja cha mpira. Umemchachafya asubuhi, sasa unaomba akupasie. Bahati yako king'ora cha ndege kilie mapema, wote mtimke uwanjani.