Dumu Juu ya Mwarobaini

Mjomba akikwambia jambo ni la muda tu, jiandae kuzeeka nalo. Choo cha muda alichochimba mwaka niliomaliza darasa la saba bado kinatumika, na mlango wake wa muda ni salfeti ileile ya mbolea. Kwa hiyo aliponipigia simu wiki ya mwisho ya Novemba na kusema, "Mjomba, njoo Kongwa tufunge kampira ka mafuta, ka muda tu, trekta liwake" (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo), ningekuwa na akili ningesema mtandao unasumbua.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, aina ya zamani, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Tangi lake la mafuta linakaa juu ya injini, chini ya boneti, kama ndoo kichwani mwa mama anayetoka kisimani. Mafuta yanashuka yenyewe. Ni jambo zuri hadi siku gasketi ya silinda hedi inapoungua, maana huifikii bila kumtua mama ndoo.

Na kumbe kabla ya kampira kulikuwa na gasketi iliyoungua. Tulipolitua tangi ndipo tukajua siri. Chini lilikuwa na matundu matatu, na yote mjomba alikuwa ameyaziba kwa sabuni ya mche. "Ya muda," akasema, bila kunitazama. Likapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Huyo akasema haligusi kwa moto mpaka alioshe na kulijaza maji, mvuke wa mafuta usije ukamlipukia. Hapo sikuwa na neno. Neno nililokuwa nalo ni juu ya kauli yake ya pili: "Njooni kesho."

Kesho hiyo tuliifuata siku tisa. Gasketi mpya ilishafungwa, wingu lilishaanza kukaa upande wa mashariki, na mvua za Kongwa hazimsubiri mtu. Ardhi yetu nayo ikikauka ni saruji. Waulize Waingereza: walikuja hapa mwaka 1947 na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, wakaleta matrekta kwa mamia, udongo ukayatafuna, na kufikia 1951 mpango mzima ukafutwa. Wao walikuwa na serikali nyuma yao. Sisi tulikuwa na trekta moja, halina tangi.

Fundi wetu, kijana mwenye spana mfuko wa nyuma na majibu mfuko wa mbele, alisema tangi ni nini kwani? Chombo kilicho juu, basi. Akachukua dumu la njano la lita ishirini lililowahi kuwa na mafuta ya alizeti, akalitia dizeli, akaupenyeza mpira wa levo alioazima kwa fundi ujenzi mpaka chini kabisa ya dumu, akalitundika kwenye tawi la mwarobaini. Ncha ya pili ya mpira ilikuwa ya kuingia kwenye pampu ndogo, ikibanwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Kwa kuwa mpira huo unaona ndani, dizeli ilionekana imekaa pale juu, haitaki kushuka.

"Inahitaji kuvutwa," fundi akasema, huku akiniangalia mimi.

Kuna watu wenye kipaji cha kuvuta mafuta kwa mdomo na kuacha kwa wakati. Mimi nilivuta, nikaona yanakuja, nikajiambia bado kidogo, na kabla sijamaliza kujiambia nilikuwa nimeshameza funda zima. Siku mbili nilicheua harufu ya kituo cha mafuta. Bibi aliniletea maziwa, halafu akahamisha mkeka wangu mbali na jiko.

Kisha ikaja kazi ya kutoa hewa. Injini ya dizeli haitaki hewa kwenye njia ya mafuta, kwa sababu hewa inabonyea na mafuta hayabonyei; pampu ikikuta povu inasukuma wee, nozeli hazinyunyizi kitu. Unalegeza skrubu ya kwenye chujio, unapampu kwa kile kijiti cha pembeni, unangoja mapovu yaishe. Kijiti chetu kilikuwa kinacheza tu, hakishiki. Nikasema pampu imekufa. Fundi akazungusha injini kidogo, kijiti kikashika: kumbe kamu ilikuwa imesimama juu na kuiminya pampu yote. Ni kitu pekee alichonifundisha siku ile ambacho hakikuniumiza.

Tukahamia skrubu za pampu kubwa, halafu nati za mabomba ya nozeli. "Piga!" Mjomba anapiga stata. "Acha!" Betri tuliiazima kwenye sola ya jirani, mechi ya Simba na Yanga ikiwa dakika ya sabini. Jirani aliifuata betri yake na kusimama hapo amekunja mikono, kila tukipiga stata anaguna. Mara ya nne injini ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikawaka. Uwanja mzima ukanukia chapati. Ni yale masalia ya alizeti, na wala si ajabu: kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya dizeli iliwashwa kwa mafuta ya karanga. Waingereza wa Kongwa wangewaza hivyo, labda karanga zao zingewafaa kwa kitu.

Ikanguruma dakika tano, ikazima. Tukatazama juu. Dumu lilikuwa limejikunyata, mbavu ndani, kama mtu anayefyonza ukwaju. Nani kafunga kifuniko? Ni mimi. Nilikikaza vizuri juu ya mpira, nikakiziba na sabuni, nikiogopa vumbi. Mafuta yalikuwa yanatoka, hewa haina pa kuingilia. Fundi akakitoboa kwa msumari wa moto, dumu likavuta pumzi ndefu, "puuu", likarudi umbo lake. Tukatoa hewa upya. Jirani akaguna.

Safari hii ilipowaka, ikawaka kweli. Mjomba alikuwa kwenye kiti, uso umemng'aa, mkono kwenye gia. Nilimwona anafanya hivyo na sikuwaza lolote. Fundi naye hakuwaza lolote. Ulikuwa umepita muda mrefu hatujaona trekta likitembea, tukampigia makofi.

Trekta lilikuwa limefungwa mtini kama mbuzi, na kamba yake mita sita.

Mpira ukanyooka. Tawi likainama kwa adabu, likakatika, na dumu likashuka lote kwenye mkeka wa bibi, juu ya mlenda mkavu aliokuwa ameuanika kutoa wadudu. Wadudu walitoka. Mjomba hakujua lolote, kwa sababu kwenye chujio na pampu hubaki mafuta ya kutosha kumdanganya dereva. Alipunga mkono, akatoka getini, akaenda kuzimika katikati ya njia ya ng'ombe saa ile ile ng'ombe wanarudi. Bibi aliukusanya mlenda wake kimya kimya, akauweka kwenye chungu, akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Usiku mtakula huu huu," akasema.

Kesho yake tulifunga mti kwenye madigadi, dumu jingine juu ya mti, mpira mfupi, kifuniko chenye tundu. Nililima ekari kumi na mbili bila kugusa usukani: kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni nimelishika dumu lisiyumbe na kuhesabu mapovu kwenye mpira. Watoto walioona walijua wanachokiona. "Nesi!" walinipigia kelele mpaka mwisho wa shamba. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Mwezi wa pili nilikuwa huko tena, tunapalilia. Simu ya mjomba ikaita, akaweka sauti ya nje kwa kuwa mikono ilikuwa na udongo. Alikuwa yule fundi wa kuchomelea. "Mzee, tangi lenu liko tayari, njooni mlichukue."

Mjomba akaitazama simu, akatazama trekta lililoegeshwa chini ya mwarobaini na dumu lake la njano, akanigeukia.

"Tangi gani?"