Sifa za Mubaya

Uzuri umeshasifiwa vya kutosha. Zamu hii tukisifu mubaya, kivumishi kinachofanya kazi Kisangani kuliko mtumishi yeyote wa serikali. Ni kifupi, hutamkika vizuri kwa hasira, wala hakidai mishahara ya nyuma. Ila fadhila yake kuu ni ya kisarufi. Kiswahili sanifu hukivalisha sare ya kila nomino: kitu kibaya, jambo baya, mambo mabaya, mahali pabaya. Hapa Kisangani kimekataa gwaride hilo: kitu mubaya, njia mubaya, habari mubaya. Walimu watasema ni uvivu, au tumeambukizwa na Lingala, ambamo mabe haibadiliki. Huenda. Lakini watazame kiambishi tulichobaki nacho: mu-, kile kile cha mutu. Katika ngeli zote, mji umechagua ya watu. Anayesema njia mubaya ameshaanza upelelezi, maana ameliona shimo na hapo hapo akamshuku binadamu. Mtaalamu atanikumbusha kwamba muti nao una mu-. Vema, miti nayo ihojiwe.

Wakubwa hawakipendi kivumishi hiki. Wao husema hali ni mbaya, na hali haina anwani. Au fedha zimetumiwa vibaya, kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji. Hapo mzaha unanishinda. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mabomu katikati ya mji huu, na makombora hayakujifyatua yenyewe. Rwanda iliponyoka kwa kuwa haikukubali mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Uganda iliamriwa tarehe 9 Februari 2022 ilipe dola milioni 325 kwa vita nzima, 225 kati ya hizo kwa madhara yaliyowapata watu. Mfuko wa kuzigawa, FRIVAO, uliwekwa hapa hapa Kisangani. Kisha, Septemba 2025, Mahakama ya Kasasioni ikamhukumu waziri wa haki wa zamani wa Kongo, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi za lazima kwa ubadhirifu wa dola milioni 19 zilizotolewa katika mfuko huo kwa ajili ya gereza lililopangwa kujengwa Kisangani. Yeye alikana. Walau mara hii sentensi ilikuwa na mtendaji, na waliojeruhiwa mwaka 2000 wana haki ya kuuliza kama alikuwa peke yake.