Kila Mtu na Karamu Yake

Mke wangu ni mzaliwa wa Nyeri. Asubuhi yake ya kwanza ukweni, Mombasa, mama yangu alimwita kutoka uani: "Ndoo, mwanangu, ndoo hima!" Bi harusi akatoka mbio na ndoo mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule. Mama akazitazama, akamtazama mwenyewe, kisha akamweleza kwa upole kwamba maji yapo tele, alikuwa anamwita tu aje anywe chai. Kwa watu wa Mvita njoo ni ndoo, njia ni ndia, na njaa, Mungu atuepushe nayo, ni ndaa.

Tulipohamia Nyeri ikawa zamu ya masikio yetu sisi wa pwani. Kikuyu hakina sauti ya l, kwa hiyo wengi huiazimia r. (Utani wa kura na kula umechakaa, siugusi.) Katika kikao cha wazazi, mwenyekiti alitangaza kuwa Jumamosi kila mtu aje na karamu yake, maana kuna fomu nyingi za kujaza. Mzazi mwenzangu kutoka Lamu akaja na sufuria ya biriani. Fomu zilijazwa jioni, zikiwa na madoa ya mchuzi.

Ajabu ni kwamba yule yule wa Lamu hakupata shida kabisa jirani alipomwambia watoto "wamerara". Watafiti Norris, McQueen na Cutler walichapisha mwaka 2003 jaribio linaloeleza jambo hili. Waliwasikilizisha Waholanzi sauti iliyo katikati ya f na s. Walioisikia ndani ya maneno yanayoishia na f wakaanza kuihesabu kuwa f. Walioisikia kwenye maneno ya s, wakaiita s. Ilipowekwa kwenye maneno yasiyo na maana, sikio halikujifunza kitu. Yaani neno tunalolijua ndilo mwalimu. "Wamerara" haina pa kukupoteza, bali "karamu" ni neno kamili, lenye sahani na vijiko vyake.

Sikio lenyewe si zito. Mwaka 2004, Clarke na Garrett wa Marekani walionyesha kwamba ugumu wa mwanzo wa lafudhi ngeni hupungua ndani ya dakika moja tu ya kusikiliza. Shida ni kwamba likishajifunza, halijui kuacha. Juzi shemeji alipotangaza kwamba baada ya mazungumzo ya mahari kutakuwa na karamu, nilijipapasa mfuko wa shati. Nilipoinua kichwa, foleni ya nyama ilikuwa imefika getini.

Basi wewe unayepanga kunialika, uwe wa Lamu au wa Nyeri, karamu usiitaje. Sema kuna pilau. Hata ukisema "pirau" nitafika mapema.