Namna ya Kulea Mtoto Asiyegusa Mlenda

Mzazi mwenzangu wa Kintinku, hongera. Nyumba umeezeka bati la rangi, pikipiki unayo, na mtoto umempeleka ingilishi midiamu. Limebaki doa moja. Juzi wageni walipoingia bila taarifa, mtoto aliwakimbilia mlangoni na kuwatangazia kwa furaha kwamba leo kuna mlenda. Ulitamani ardhi ipasuke. Usikate tamaa, kwa kuwa ugonjwa huu unatibika, na gharama yake ni ndogo: dawa nzima imo ndani ya familia.

Anza mapema, mimba ikiwa bado changa. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani, Julie Mennella, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao la juisi ya karoti. Kina mama walioinywa wakiwa wajawazito, au wakati wananyonyesha, watoto wao walipoanza kula walikipokea chakula chenye ladha ya karoti bila kukunja sura sana. Sasa piga hesabu. Mama wa Kintinku anakula mlenda tangu masika hadi masika mengine, mbichi mvua zikiwepo, mkavu zikikatika. Mtoto wake anatua duniani akiwa mwanachama hai, kadi mkononi. Kwa hiyo mhamishie mjamzito kwenye biskuti na soda. Ila ule mwiko wa wazee unaomkataza mjamzito mayai, usiuguse. Katika mila zote za chakula tunazozitupa, huo tuutunze kama mboni ya jicho.

Mtoto akishazaliwa, kazi kubwa ni lugha. Hapa naomba twende taratibu, maana ndipo wazazi wengi hufanikiwa bila hata kujua wanafanya kazi. Mtoto hazaliwi akijua kwamba mlenda ni chakula cha unyonge. Kwake ni kitu cha kijani kinachoteleza, chenye karanga, kinachoshusha tonge kooni kabla meno hayajapata habari. Ni mchezo na chakula kwa pamoja. Lazima afundishwe kuona haya, na somo lenyewe lina neno moja fupi kuliko yote: "tu". Jioni, mbele yake, mwambie jirani: "Leo hatuna mboga, tunakula mlenda tu." Umeona? Mboga ipo, inachemka jikoni, lakini umeshaifuta kwenye orodha ya mboga. Irudie sentensi hiyo mwaka mzima, na usisahau kushusha pumzi kidogo kabla ya "tu". Siku ya nyama usiseme tunakula nyama tu. Mtoto hana haja ya mwalimu mwingine.

Somo la vitendo lifuate. Mgeni akipiga hodi, funika chungu, sukuma upekecho nyuma ya mlango, kisha mtume mtoto huyohuyo dukani kwa Mangi akalete makopo mawili ya soda na robo ya mchele. Mimi niliwahi kuficha chungu chini ya kitanda, wakwe walipokuja kutoka Dar es Salaam. Harufu ya magadi na karanga haikujua kwamba imefichwa. Mama mkwe alimaliza wali wake kwa adabu zote, kisha akauliza kama ile mboga iliyoko chumbani ni ya wagonjwa.

Adui yako mkubwa ni bibi. Likizo ikifika, zuia safari ya shamba kwa kisingizio chochote, hata masomo ya ziada. Kule kuna mafiga matatu, sufuria moja, ugali wa uwele na wajukuu saba kwenye sinia moja. Mtoto anayetangaza kwamba hapendi kitu fulani hakaripiwi. Watu wanamsogeza tu pembeni ili mkono wake usizuie njia. Akimaliza kununa, sinia ni jeupe. Siku ya pili ananuna kwa kifupi. Siku ya tatu ana kasi kuliko wote, na ana deni la kulipiza. Wataalamu wa lishe wanasema mtoto huenda akahitaji kuonja chakula kigeni mara 8 hadi 15 ndipo akikubali. Bibi hajasoma hayo, lakini wajukuu wake wanamaliza mtaala kwa siku tatu.

Halafu mchana bibi anawapeleka kuamia ndege. Ukimweka mtoto juani siku nzima akiwafukuza kwelea kwelea kwenye uwele, jioni huwezi kumwambia kwamba uwele ni chakula cha kuku. Ameupigania.

Bibi ana silaha nyingine, nayo ni masimulizi. Atamweleza mjukuu habari za Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo yeye mwenyewe alisimuliwa na mama yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikagoma. Atamwonyesha ule unga wa mlenda mkavu uliofungwa vizuri, unaosubiri mwaka mbaya bila kuoza. Hapo mtoto anaweza kuanza kufikiri kwamba kile kitu chako cha "tu" ndicho kilichomfikisha babu yake wa babu hadi mavuno yaliyofuata. Mrudishe nyumbani haraka.

Kuhusu kuku na mayai sina haja ya kusema mengi, kwa sababu mkoa wetu umeshahitimu. Kuku wa kienyeji wa Singida anajulikana hadi Dar es Salaam, anakofika kwa basi akiwa ndani ya tenga. Wewe uza kuku, uza mayai, uza karanga, uza mafuta ya alizeti pale barabarani, halafu pesa hiyo mnunulie mtoto juisi ya paketi ambayo haijawahi kuliona tunda. Siku mtakayochinja, firigisi ni ya baba, paja ni la mgeni, na mtoto apewe shingo pamoja na maelezo kwamba shingo ina utamu wake. Halafu siku ya kliniki mshangae wote kuambiwa mtoto ni mfupi kwa umri wake. Hamtakuwa peke yenu: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34, kwa hiyo kuna wazazi mahali fulani wanaotuharibia mwongozo.

Kama mtoto bado ni sugu, tumia rushwa. Mwambie: "Maliza mlenda nikupe soda." Kwa maneno hayo machache ameelewa kwamba mlenda ni ushuru na soda ndiyo safari yenyewe. Kisha ifungie soda kabatini, mahali anapoiona. Mwaka 1999 Jennifer Fisher na Leann Birch walionyesha kwamba chakula kinachozuiliwa huku mtoto anakiona ndicho anachozidi kukitamani. Sijui kwa nini hawakuja Kintinku. Kila nyumba ina maabara yenye kufuli.

Kipengele cha mwisho ndicho kigumu, na ndicho kimewaangusha wanaume wengi wa hapa kwetu. Mtoto haangalii unachosema, anaangalia mkono wako unaelekea bakuli gani. Kwa hiyo mbele yake kula wali kwa kijiko, kwa uso wa mtu aliyezaliwa akila wali kwa kijiko. Mlenda wako ule usiku, nyumba ikishalala. Nenda jikoni pekupeku, usiwashe taa, funua chungu taratibu, tafuta kiporo cha ugali. Jitahidi usivute mlenda kwa mdomo, maana ile sauti inavuka kuta mbili.

Ikitokea mlango ukafunguka na mtoto akakukuta vidole vinang'aa hadi kwenye kifundo, akauliza, "Baba, unakula nini?", jibu ni moja: "Dawa."

Atakuangalia kidogo, ataangalia chungu, kisha atarudi kulala bila neno. Usidhani yameisha. Kesho usiku, saa ileile, utamsikia huko kitandani akianza kukohoa.