Sifa za Lugha ya Kijiweni

Kila kitu katika nchi hizi kimeshasomewa risala. Mwenge umesomewa, kisima kimesomewa, na mkurugenzi anayehamishwa amesomewa sifa ambazo hata mkewe hakuwahi kuzisikia. Lugha ya kijiweni peke yake ndiyo haijapata msomaji. Asubuhi inasemwa na mwalimu wa Kiswahili, mchana inasemwa na mhariri wa gazeti, jioni inasemwa na mzazi, kisha wote watatu wanapanda daladala kurudi nyumbani. Mimi ni mtu wa kamusi, ninayeumwa jino nikisoma "ambae" mahali pa "ambaye". Hata hivyo nimeamua kuvaa koti na kuisomea.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo ada. Kiswahili sanifu ni mtoto wa ukoo. Mwaka 1928 wakubwa walikutana Mombasa wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wake. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukilea. Mwaka 1967 Bunge la Tanzania likatunga sheria na kukipatia baraza, BAKITA. Kina walezi, kina ofisi, kina mihuri. Lugha ya kijiweni haina baba anayejulikana. Ilizaliwa stendi, ikanyonyeshwa gereji, ikakulia kwenye benchi la wacheza drafti. Maneno yake hayakupendekezwa na jopo wala kupitishwa na kikao, na, hapa naomba makofi, hakuna hata mtu mmoja aliyelipwa posho. Kazi ya umma iliyofanyika bila posho ya kikao ni ya kuandikiwa kasida.

Na kazi yenyewe inaonekana. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 mtaani iliitwa dala. Makonda wakapaza sauti, chombo kikapata jina. Nauli imepanda na kupanda, sarafu ile haipo tena mfukoni mwa mtu, lakini daladala limebaki. Leo limo katika kamusi, limo katika matangazo ya serikali, limo katika hotuba za mawaziri ambao wenyewe hawajalipanda siku nyingi. Hakuna anayeliuliza cheti cha kuzaliwa. Kiingiacho mjini si haramu.

Ndani ya daladala hilo ndimo falsafa ilimo. Konda hahesabu abiria, anahesabu vichwa. Na denti, yaani mwanafunzi, kwa kuwa nauli yake ni ndogo, si kichwa kamili. Mtoto huyo anaachwa kituoni akiwa na begi mgongoni, akitafakari hesabu za sehemu saa nzima kabla mwalimu wa hisabati hajaingia darasani. Ni wapi tena elimu inatolewa mapema hivyo?

Katika uchumi nako haijalala. Nairobi mbao ni shilingi 20 na soo ni 100. Dar es Salaam jero ni 500 na buku ni 1,000. Noti nyekundu ya shilingi 10,000 ilipofika Kariakoo ikaitwa msimbazi, kwa kuwa rangi yake ni ya timu ya Simba, na Simba makao yao yako mtaa wa Msimbazi. Shabiki wa Yanga akawa anapokea mshahara kwa jina la mtani wake, na hakuurudisha. Nitajieni tume ya maridhiano iliyowahi kufanikiwa kiasi hicho.

Lakini ni chuo kikuu ambako lugha hii imeonyesha upeo wa maarifa yake. Kanuni za mitihani zinahitaji aya nzima, zenye "endapo" na "isipokuwa", kueleza kwamba mwanafunzi aliyeshindwa masomo kadhaa ataondolewa chuoni. Kijiwe kinasema amedisko, na mama yake kijijini, asiyejua kanuni hata moja, anaketi chini kabla simu haijakatika. Mihtasari inayorithiwa mwaka hadi mwaka, pamoja na makosa yaleyale, ni desa. Hoja nzito ni nondo, na kusoma hadi jogoo awike ni kupiga msuli. Meza na mabenchi ya zege chini ya miti, ambako misuli hiyo hupigwa na wachumba hupatikana, ni vimbweta. Fedha za mkopo ni bumu, na sijaona taarifa ya fedha iliyo sahihi kuliko hiyo: mlio mmoja mkubwa, kisha moshi. Anayefaulu sana ni kipanga, anayeshindwa sana ni kilaza; walio katikati, ambao ndio wengi, hawana jina, kwa sababu kijiwe hakina muda na wastani.

Kenya wamekwenda mbele zaidi. Katika miaka ya 1980, Mwakenya lilikuwa jina la vuguvugu la siri lililoipinga serikali ya Rais Moi, na watu walifungwa kwa kuhusishwa nalo. Wanafunzi wakavitazama vikaratasi walivyovificha soksini siku ya mtihani, wakaona sifa zote zimetimia: ni vya siri, na ukikamatwa navyo umekwisha. Wakaviita mwakenya. Vuguvugu limebaki kwa wanahistoria; jina linafufuka kila mitihani ikikaribia. Somo la historia lililokaa vichwani mwa watoto kwa njia ya udanganyifu si dogo, hasa ukikumbuka mangapi hayakukaa kwa njia halali.

Shuleni Tanzania lugha hii imetengewa hata mada, nayo ni burudani tupu. Mada yenyewe ni misimu. Mwanafunzi anakariri aina tatu: misimu ya pekee, misimu ya kitarafa na misimu zagao. Anakariri umuhimu, anakariri na madhara. Kisha anapewa mfano: ngangari. Neno hilo lilivuma kwenye kampeni za uchaguzi wa 2000, wafuasi wa chama cha CUF walipojiita ngangari, yaani imara, na polisi wakajibu kwamba wao ni ngunguri. Mtoto anayelikariri leo hakuwa amezaliwa. Mwalimu, bingwa wa misimu iliyokufa, anamfundisha misimu mtu anayeishi ndani ya misimu iliyo hai, na mtoto kwa adabu zake ananakili ubaoni bila kucheka. Kengele ya mapumziko ikilia, anatoka nje na kutoa mifano ambayo mwalimu hana namna ya kuisahihisha.

Ngangari lenyewe linanifikisha kwenye fadhila kuu ya lugha hii, nayo ni kujua wakati wa kuondoka. Neno sanifu likishaingia kwenye kamusi halitoki. Yapo yaliyochapwa katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ambayo mimi, kwa mapenzi yangu yote, sijawahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa binadamu. Yamekaa tu, yanakula ukurasa. Neno la kijiweni likichoka linang'atuka lenyewe, bila kiinua mgongo, bila gari, bila sherehe ya kuagwa. Wapo wakubwa kadhaa barani ambao ningewapeleka kijiweni kwa semina ya siku mbili.

Wanaosema haina adabu hawajaisikia ikiomba rushwa. Rushwa ni neno kali, lina sheria na lina jela. Kijiwe kikalisitiri: chai, soda, ya maji, kitu kidogo. Kwa ukarimu huo, mla rushwa anaondoka akiwa mgeni aliyeandaliwa, na mtoaji anabaki akiwa mwenyeji mwema. Nchi nzima inaweza kuliwa kwa lugha ya heshima namna hiyo bila mtu kukohoa.

Na wanaolalamika kwamba haieleweki, hasa wazazi wa Nairobi ambao Sheng ya watoto wao hugeuka mtaa kwa mtaa, nao wanakosa shukrani. Mzazi akishalikamata neno, watoto wanaliacha na kuhamia jingine. Akili yake inafanyishwa mazoezi bure, hadi uzeeni.

Risala haikamiliki bila maombi. Kwa walimu: ombeni mifano ya misimu kwa wanafunzi wenu, kisha nyinyi muwape uchambuzi, hapo kila upande utafundisha unachokijua. Kwa watunzi wa kamusi: msiyadake maneno haya yangali mabichi, kwani lenye maisha, kama daladala, litakuja mlangoni lenyewe. Na wewe denti, kijiweni sema utakavyo, maana hapo ndipo Kiswahili kinapofanyiwa majaribio. Ila barua ya kuomba kazi usiianze kwa "oya", na kwenye karatasi ya mtihani andika Kiswahili sanifu, kwa sababu anayesahihisha si konda.