Mzinga Mkubwa, Bega Dogo

Mabwana wa uwindaji wa kitalii hubishana kuhusu risasi hadi moto wa kambi unazimika: .375 H&H ya mwaka 1912, au .458 Winchester ya 1956? Au ile .460 Weatherby, ambayo teke lake humwumiza mpigaji kuliko nyati? Hoja nzito hizo, waachiwe. Ila W.D.M. Bell, yule Mskoti wa Karamoja, aliangusha tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7 tu. Alijua ubongo wa tembo ulipo. Bwana wetu kanunua mzinga, halafu anafumba macho kabla ya kufyatua. Nyati yuko palepale, anacheua. Mfuata nyayo, ambaye hakuulizwa lolote kuhusu risasi, kashachagua mti wake.