Shangazi na Mbegu za Jirani

Huku Iowa zaidi ya asilimia 99 ya mbuga ya nyasi ndefu imeshalimwa, imekuwa mahindi na soya. Jirani yangu mzee ameamua kuirudisha, nyuma ya nyumba yake. Oktoba akaniletea mfuko wa mbegu na lenzi: nimtengee Andropogon gerardii huku, Sorghastrum nutans kule.

Nyasi hizi zikiwa shambani hata mtoto hakosei. Andropogon kichwa chake aghalabu kimegawanyika sehemu tatu, mfano wa mguu wa bata mzinga. Sorghastrum ina shungi moja la rangi ya dhahabu. Mbegu zikishapukutika, basi tena! Zote manyoya, zote zina unywele uliopinda. Siri iko kwenye kijiti kilichoota ubavuni mwa mbegu. Cha Andropogon kimebeba kimbegu cha pili, kisicho na unywele. Cha Sorghastrum hakijabeba kitu, kina vinyweleo tu.

Nimeinama mezani, pua karibu iguse mbegu, akaingia shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga.

“Mwanangu, unatafuta nini humo?”

“Kijiti, Shangazi.” Nikamweleza siri yote.

Akanishika paji la uso kupima homa.

“Niletee ungo.”

“Hizi hazipepetwi, Shangazi.”

“Mimi nimepepeta mpunga kabla baba yako hajaoa!”

Ungo hatuna. Akachukua sinia la pilau.

Sasa, mpunga una uzito, ukirushwa unarudi. Mbegu hizi zimepewa manyoya makusudi upepo uzichukue, na nyingi ndani ni hewa tupu; mpaka uminye kwa ukucha ndipo ujue kama mna punje. Shangazi akarusha mara moja. Wakati huohuo feni ya kupashia nyumba joto ikawaka. Zikapaa! Pazia likaota ndevu. Wali wa nazi, ambao mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anafunua, ukapata viungo vipya.

Jirani akabisha hodi katikati ya hayo. Shangazi hakutahayari. Alichomoa mbegu moja kwenye kilemba chake, akaiinua dirishani bila lenzi, akaikodolea macho.

“Hii kijiti kitupu. Ndiyo ile ya dhahabu, sivyo?”

Ndiyo yenyewe. Mzee alipiga makofi, akaniomba nimwulize Shangazi kama kesho anaweza kuja kumsaidia kuchambua.

“Mwulize yeye,” akasema Shangazi, akijikung’uta kanga, “debe moja analipa bei gani.”